Upepo Unatokea Wapi?

Maneno haya niliyasema Chake Chake, mbele ya vijana wanaojifunza ufundi wa mashine za boti na pikipiki. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale nilipojirudia, maana mtu mzima akishika kipaza sauti hana breki.

Assalamu alaykum.

Walimu wangu, wazee mliotutembelea, na nyinyi wanangu mlioacha kazi zenu asubuhi hii, nashukuru sana. Mimi ni mtoto wa Wete. Niliondoka hapa na sanduku la bati kwenda kusomea ufundi wa ndege, na nimezeekea humo humo. Mwalimu aliponiita alitaka niwape vijana mawaidha ya maisha. Nikamwambia, maalim, mawaidha yana wenyewe, mimi ninachokijua ni silinda. Akacheka, akasema basi njoo na silinda yako. Nimekuja nayo, ile pale mezani. Msiishike bado, ina mafuta na nguo zenu safi.

Nianze kwa kukutoeni wasiwasi. Ile ndege mnayoiona kila siku ikitua hapa na watu kumi na kitu, ile Caravan, haina silinda hata moja. Ile ni turbini, kazi nyengine kabisa, na leo siigusi. Nasemea ndege ndogo zaidi, za watu wanne au sita, Cessna 172, Cessna 206, Piper na jamaa zao. Ukizifungua pua hizi, fundi wa Boxer hatopotea. Atakuta silinda zina mapezi, zinapozwa na upepo kama za pikipiki yake, hakuna rejeta. Zimelala ubavu, mbili mbili au tatu tatu kila upande, kama watu waliolala miguu imekutana na vichwa viko nje. Si mzungu wa nne, maana mzungu wa nne kichwa cha huyu kiko miguuni kwa yule.

Tofauti ni ukubwa na tahadhari. Injini ya Cessna 206 nyingi za zamani ni Continental IO-520, silinda sita, lita 8.5, nguvu farasi 285 mpaka 300. Haikimbii kama pikipiki. Boxer yako inapita mizunguko 7,000 kwa dakika, hii mwisho wake ni 2,700 au hapo karibu. Na kila silinda ina plagi mbili, zinazolishwa na magneto mbili mbali mbali, vile vifaa vinavyojizalishia umeme wenyewe, ili moja ikifa nyengine iendelee. Betri ikifa angani, moto wa plagi haukatiki. Nahodha gani hapa asiyetaka mashine ya namna hiyo?

Sasa, kila mwaka ndege hizi hufunguliwa na kukaguliwa kutoka pua mpaka mkia, na bila ya ukaguzi huo haziruki. Fundi anayetia saini anajua akikosea hakuna pa kuegesha. Baina ya Unguja na Pemba ni bahari tupu, na injini ni moja. Katika ukaguzi huo mambo ni mengi, kamba, nyaya, matairi, kutu ya mabawa. Lakini pesa nyingi na makosa mengi viko kwenye silinda, ndiyo maana nimekuja na hilo tu.

Kipimo chenyewe kinachoitwa kompresheni nyinyi mnakijua kwa namna yenu. Unachomeka geji kwenye tundu la plagi, mwenzako anapiga kiki, sindano inapanda. Kwenye ndege tunafanya vyengine. Injini iwe imetoka kuwashwa, bado ya moto. Funga magneto, ondoa plagi za juu, ipeleke pistoni juu kabisa pale ambapo valvu zote mbili zimefunga. Halafu tunaipulizia upepo wa kompresa kutoka nje. Kifaa kina geji mbili. Ya kwanza inaonyesha upepo unaoingia, tunauweka pauni 80 kwa inchi ya mraba. Katikati kuna tundu jembamba mno, upana wake milimita moja tu. Geji ya pili iko baada ya tundu hilo, inaonyesha upepo ambao silinda imeweza kuuzuia.

Fikirieni pipa bovu la maji unalolijaza kwa mpira mwembamba. Pipa likiwa na ufa mdogo, maji yatapanda karibu na mdomo. Likiwa na tobo kubwa, utajaza mpaka magharibi na maji yapo nusu. Geji ya pili ndiyo kimo cha maji. Ikisoma 72, tunaandika 72 kwa 80 na tunakwenda silinda ya pili.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna jambo la kutoa roho. Pistoni ya ndege ina upana wa sentimita 13. Ukiisukumia pauni 80, umeweka juu yake uzito wa zaidi ya kilo 700. Ikiwa iko juu kabisa, sawasawa, itatulia. Ikiwa imepita kidogo au haijafika, itasukumwa chini, krenki itazunguka na propela itazunguka nayo. Basi mtu mmoja kazi yake ni kushika propela tu, amesimama imara, mwili wake haumo katika njia ya pangaboi lile, hana simu, hana mazungumzo. Upepo unafunguliwa kidogo kidogo. Nimemuona mtu mzima, mwenye uzoefu kuliko mimi, akivunjwa mkono kwa sababu alimgeukia mwenzake amwambie habari ya mpira wa jana.

Tuendelee. Fundi mgeni akipata 72 anafurahi, akipata 55 ananuna. Ananuna kabla hajajua kitu. Nataka mnisikilize hapa kuliko popote, kwa sababu nyinyi ni watoto wa pwani na jambo hili mnalo majumbani.

Chombo kikirudi bandarini kinavuja, kalafati haulizi kwanza ndoo ngapi zimekumbwa. Huuliza maji yanaingilia wapi. Pengine ni baina ya mbao mbili, pamba imetoka, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Pengine ni kwenye msumari. Pengine ni mkukuni, hapo tena si mchezo. Ndoo ni zile zile kumi, lakini chombo kimoja kinashinda pwani siku moja na chengine kinapandishwa juu mwezi mzima. Namba ya geji ni ndoo. Silinda inayosoma 55 inakwambia tu kwamba upepo unatoka, haikwambii unatoka wapi.

Kujua unatoka wapi hakutaki mashine. Kunataka masikio. Upepo ukiwa ndani, nenda kwenye bomba la eksozi, tega sikio. Ukisikia unafoka huko, valvu ya kutolea moshi haikukaa. Nenda kwenye mlango wa hewa, kule kwenye filta. Ukisikia huko, ni valvu ya kuingizia. Fungua kifuniko cha kutilia oili, weka sikio. Huko utasikia kidogo kila siku, maana ringi hazizibi kabisa hata zikiwa mpya, lakini ukisikia kama mtu anapuliza moto wa mkaa, ni ringi au ukuta wa silinda. Na kama kote kimya lakini geji imeshuka, chukua povu la sabuni kama wanavyofanya wanaoziba tairi, paka kwenye plagi na pale kichwa cha silinda kilipoungana na mwili. Mapovu yakitoka pale kwenye maungio ya kichwa, kuna ufa, na ufa hauna mjadala, silinda hiyo imekwisha.

Continental wanatenga mivujo hii mafungu mawili, na mimi napenda walivyofanya. Kuna kizibo kilichokaa na kizibo kinachotembea. Valvu, plagi, na mwili wa silinda ni vizibo vilivyokaa, havina ruhusa ya kuvuja. Ringi ni kizibo kinachotembea, zinapanda na kushuka na zinazunguka ndani ya mifereji yake, basi zimepewa ruhusa yao. Leo nafasi za ringi zimekutana mstari mmoja, upepo unapita. Kesho zimezunguka, zimeachana, na geji imepanda bila ya mtu kugusa spana. Ndiyo maana silinda mbili zenye 58 zinaweza kuwa ndugu wa karatasi tu. Moja inavuja kwa ringi, iandike, ifuatilie, iache iruke. Nyengine inavuja kwa valvu ya eksozi, hiyo isiondoke hangani mpaka ijulikane ina nini.

Mtaniuliza mpaka uko wapi. Uko vitabuni, na kila mtengenezaji ana wake. Lycoming anasema silinda zote zikilingana na zikiwa juu ya 70, hapana neno. Ikiwa chini ya 65, kuna kulika, ipime tena kila saa 100 za kuruka. Chini ya 60, fikiria kuitoa. Continental hana namba moja ya kudumu. Kifaa chenyewe kina tundu la mfano, unalipima siku ile ile, na hilo ndilo linalokupa mpaka wa siku hiyo, ambao unaweza kushuka mpaka arubaini na kitu. Fundi aliyezoea Lycoming akikutana na Continental yenye 50 anataka kulia, na kitabu kinamwambia ngoja.

Na maadamu nimezitaja hizi mbili, chukueni na hii bure. Silinda namba moja ya Lycoming iko mbele, upande wa propela. Silinda namba moja ya Continental iko nyuma, karibu na rubani. Msidhani hakuna aliyewahi kutoa silinda nzima akaiacha ile mbovu kwa sababu ya kuhesabu upande usio wake.

Mimi mwenyewe nimetoa silinda nzima, tena bila ya kukosea kuhesabu. Nilikuwa na leseni mpya, naigusagusa mfukoni kama mtu aliyepokea mshahara wa kwanza. Wapi na kwa nani, hayo nayaacha. Ndege ilikuwa imelala usiku, sikuiwasha. Nikapima injini ya baridi. Silinda namba tatu ikasoma 51. Sikutega sikio popote. Nikachukua spana.

Nikaifungua silinda ile, nikaiweka mezani, nikaigeuza na kuigeuza. Valvu safi, ukuta safi, ringi safi. Nilichokipata ni kipande cha masizi kidogo kuliko punje ya ufuta, kilichokuwa kimekwama chini ya valvu ya eksozi na kuizuia isikae. Kilikuwa kimeshadondoka chenyewe. Laiti ningeiwasha injini ikapata moto, laiti ningefungua kifuniko cha juu nikagonga roka, ule mkono unaosukuma valvu, kidogo kwa nyundo ya mpira, kingetoka, na geji ingepanda. Kitu cha dakika tano.

Nikaona haya kumwambia bwana mkubwa. Nikairudisha. Na katika kuirudisha nikaacha rangi chini ya nati, sikuisafisha mpaka ibaki chuma kwa chuma. Nati nikazikaza kwa spana ya kipimo, kipimo kikakubali, nikatia saini. Ndege ikaruka wiki mbili tatu. Siku moja rubani anaizunguka kabla ya kuondoka, akaona oili imechirizika kwenye kitako cha silinda namba tatu. Rangi ilikuwa imesagika, nati zimelegea. Rubani yule ni mtu wa kuombewa dua, maana wengi huangalia oili kwa kijiti tu wakaenda zao.

Nakwambieni kwa nini hili lilikuwa kubwa kuliko kuvuja oili. Katika injini hizi, bolti ndefu zinazoshika silinda ndizo hizo hizo zinazopita upande wa pili na kubana mapande mawili ya kasha la injini. Ndani ya kasha hilo zimo beringi za krenki, zimekaa kwa kubanwa. Bolti zikilegea, beringi inaweza kuzunguka mahali pake, tundu lake la oili likajiziba, na injini ikasimama. Kwa hivyo kila unapoitoa silinda moja unaigusa injini nzima. Nilikuta silinda nzima, nikarudisha ugonjwa ambao haukuwepo.

Tangu siku ile, silinda mbele yangu ni mshitakiwa, na kwa kadhi hamwendi na shahidi mmoja. Geji ni shahidi mmoja. Sikio ni wa pili. Wa tatu ni jicho, na huyu siku hizi amekuwa rahisi.

Zamani kuona ndani ya silinda ilikuwa lazima uitoe. Sasa kuna kamera nyembamba kama kalamu, ina taa yake, unaipitisha kwenye tundu la plagi na picha unaiona kwenye simu. Wenyewe wanaiita boroskopu. Za bei ndogo zipo hata madukani Darajani, zinafaa kujifunzia. Unaipinda ikatazama nyuma, unaiona valvu ya eksozi uso kwa uso.

Valvu nzima inafanana na mkate wa kumimina. Msicheke, nasema kweli. Mama akiweka mkaa juu na chini sawasawa, mkate unapiga rangi duara, katikati rangi yake, pembeni rangi yake, pande zote sawa. Mkaa ukijaa upande mmoja, ukingo huo unaungua na mwengine unabaki mweupe, na hata kabla ya kuuonja unajua moto haukukaa vizuri. Valvu ndiyo hivyo hivyo. Inapokaa kwenye kiti chake inakipa joto lake, na kinalipeleka kwenye mapezi. Pale ambapo haikukaa vizuri moto unapita, ukingo ule unazidi kuchemka, unapinda, unavuja zaidi, unachemka zaidi. Kwenye kamera utaona duara limeharibika. Kuna kipande cha ukingo, kama mwezi mchanga, chenye rangi tofauti na ndugu zake, pengine kijani, pengine kimeparara. Ukiona mwezi huo, usingoje kuandama mwengine.

Nikupeni kesi. Cessna 206, Unguja, baada ya masika. Watalii walikuwa hawapo, ndege imekaa nje wiki kadhaa. Tukapima silinda sita, zote juu ya 70. Mwenyewe akanipigia makofi begani, tayari anatafuta kalamu ya hundi ndogo. Nikamwambia ngoja nichungulie. Silinda ya tano ilisoma 74, na ndiyo iliyokuwa na mwezi ule. Ukuta wake juu una vishimo vya kutu kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Akaniambia, fundi, 74! Unataka kunitoa silinda yenye 74? Sikubishana. Nikampa simu ashike mwenyewe, nikampeleka silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ya tano. Alipofika ya tano akanyamaza. Tukaitoa. Kwa hiyo kisa changu cha 51 na kisa hiki cha 74 viwekeni pamoja mkilala.

Kutu ile ilitoka wapi? Ilitoka hapa hapa tulipokaa. Ukuta wa silinda ni chuma, na kinachoulinda ni utando wa oili tu. Ndege ikikaa, utando unachuruzika. Hewa yetu mnaijua, ukiacha kisu nje usiku mmoja asubuhi kina madoa. Lycoming wana tatizo la ziada, kamshafti yao, ile inayofungua valvu, iko juu ya krenki, haiogelei katika oili, ndiyo ya kwanza kukauka.

Na kuna dawa moja mbaya ambayo wenye ndege wanaipenda sana. Anakuja Ijumaa baada ya sala, anaiwasha pale pale ilipo dakika kumi, anaizima, anakwenda nyumbani roho imetulia kwamba kaifanyia wema. Kumbe kaimwagia maji. Petroli ikiungua inazaa maji, mengine yanapita kwenye ringi yanaingia kwenye oili. Ili yatoke, oili lazima ipande mpaka nyuzi 82 hivi za sentigredi na ikae huko kwa muda, na hilo halipatikani bila ya kuruka. Usiporuka, usiiwashe. Toa plagi, tia vile vizibo vyenye chembe za kunyonya unyevu. Zikiwa za buluu ni kavu, zikigeuka waridi zimeshiba, zikaushe. Badilisha oili kila saa 50 au kila miezi minne, hata kama saa 50 hazijatimia. Miezi minne si mapambo. Wenye boti mliomo humu, mashine zenu mnazozipandisha juu wakati wa kusi, haya yanakuhusuni pia.

Plagi sitazikalia sana, mnazijua. Zipange kwenye kibao kwa jina, juu na chini, silinda kwa silinda, maana plagi isiyojulikana imetoka wapi haina habari. Ya chini ikilowa oili kidogo si ajabu, mafuta hushuka. Ya juu ikilowa, nenda ukazisikilize ringi. Na mtashangaa kukuta vipande kama shanga za kijivu kwenye plagi za chini. Hiyo ni risasi. Petroli ya ndege ndogo, ile ya buluu, bado ina risasi, mwisho wake gramu 0.56 kwa lita. Msizisafishe kwa kupuliza na mdomo, na mikono mioshe kabla ya kula.

Filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe kama mkeka, ipitishwe sumaku. Chenga zinazoruka kwenye sumaku ni chuma, kamshafti au ukuta. Zinazong'aa na kukataa sumaku huwa alumini, hapo utazame pistoni na vifuniko vya pini zake. Hiyo nayo ni kazi ya robo saa ambayo watu huiruka.

Shahidi wa mwisho ndiye anayedharauliwa zaidi, naye ni rubani. Alinijia kijana mmoja wa Cessna 172, akaniambia, mzee, kila asubuhi nikiwasha inatetemeka, inakohoa, kama inataka kuzima. Dakika mbili tu, halafu inatulia, siku nzima haina neno. Wenzangu wameniambia ni baridi. Nikamuuliza, baridi gani ya Kisauni, Unguja? Hapa baridi ikizidi mtu anavaa mikono mirefu!

Kile ni kisa maarufu cha Lycoming. Shina la valvu ya eksozi linapita ndani ya bomba lake dogo, na humo hujikusanya masizi magumu. Injini ikipoa, nafasi inabana, valvu inakwama wazi. Ikipata joto, inaachia. Na balaa lake ni hili, ukija kupima kompresheni na injini ya moto, kama unavyotakiwa, geji inasoma vizuri kabisa. Sikio halisikii, kamera haioni. Ni maneno ya rubani tu. Lycoming wametoa waraka wa namna ya kuipima valvu kwa kuitikisa kwenye bomba lake, namba 388, na tulipotikisa ilikuwa imekaza kama mlango wa msonobari wakati wa mvua. Tukalisafisha bomba lile bila ya kuitoa silinda, kijana akaondoka. Angewasikiliza wale wa baridi, siku moja valvu isingeachia, na fimbo inayoisukuma ingepinda njiani, juu ya maji.

Basi nataka mniruhusu nifanye jambo moja kabla ya chai. Kile kifaa cha geji mbili ninacho. Tundu la plagi ya ndege ni milimita 18, halikubali pikipiki, lakini mkereza mmoja wa Wete amenichongea kiungo cha plagi ndogo, na sikumlipa bado, kwa hiyo msimwambie kama nipo. Kijana huyu wa mstari wa mbele ameniambia Boxer yake inatoa moshi na haina nguvu kupanda mlima, na fundi wake kamwambia anunue kitita kizima, silinda, pistoni na ringi. Nikamuuliza fundi amepima nini, akanambia amepiga kiki.

Pikipiki iko nje chini ya muembe, ameizima sasa hivi tu na kompresa ipo. Wawili mshike gurudumu la nyuma, gia iwe ndani, na mtu asisimame mbele ya kiki. Mmoja akae kwenye eksozi, mmoja kwenye kabureta, mmoja kwenye tundu la oili. Mwenye pikipiki asiguse kitu, awe rubani, kazi yake kutusimulia inaanza kutoa moshi saa ngapi, ikiwa baridi au ikiwa moto, kwenye mteremko au kwenye mlima. Haya, tutokeni.